Implanti ya jino haiumi, na hapo ndipo shida inapoanzia

Watu wakijua kwamba nina implanti, yani skrubu ya titaniamu iliyoingizwa kwenye mfupa wa taya ibebe jino bandia, na kwamba mama yangu naye anazo mbili zinazoshikilia meno bandia yake ya chini, swali la kwanza huwa lile lile, inadumu miaka mingapi? Nalielewa hilo swali kabisa, mtu amedunduliza hela, amefunguliwa fizi akashonwa, amesubiri miezi mfupa ushike, sasa anataka asikie namba ili roho itulie. Ila mi siku hizi simjibu kwa namba, namuuliza, ikishawekwa nani atakuwa anaiangalia? Wengi wananishangaa, wanajua ukiwekewa umemaliza, kliniki unarudi siku kitu kikiuma. Sasa hilo la kungoja iume ndo limenifanya nikae niandike haya yote.

Ngoja nianze na stori nzuri kwanza, kwa sababu ipo na ni ya kweli. Mwaka 1952 daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa anachunguza mfupa unavyopona, mambo ya meno wala hayakuwepo kichwani. Aliweka vifaa vidogo vya titaniamu kwenye mifupa ya miguu ya sungura, na alipotaka kuvitoa avitumie tena akakuta havitoki, mfupa umeng'ang'ana navyo. Akaona hapo kuna jambo. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mwanaume aliyezaliwa na kasoro ya taya na ambaye chini hakuwa na meno, implanti nne. Larsson alifariki 2006 implanti zake zikiwa bado zinafanya kazi. Miaka 40 na zaidi mdomoni mwa mtu. Kila anayeuza implanti anaipenda hii stori, na anayo haki, mi pia naipenda.

Ila mwaka huo huo wa 1965, nchi jirani ya Denmark, Harald Löe na wenzake walitoa utafiti mwingine ambao wauzaji hawautaji. Walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakaambiwa warudie mswaki, fizi zikapona kama wiki moja hivi. Leo unaweza kusema aah, si kila mtu anajua hilo, lakini ndo jaribio lililoonyesha wazi kwamba ule utando laini unaoganda kwenye meno, uliojaa bakteria, wenyewe ndo unaowasha fizi, na ukiutoa fizi zinatulia. Na utando haubagui. Unakaa kwenye jino la kuzaliwa, unakaa kwenye titaniamu, unakaa kwenye simenti ya kubandikia jino na kwenye plastiki ya meno bandia. Implanti haitoboki kama jino, hiyo ni kweli, hamna kitu cha kuoza pale. Lakini fizi inayoizunguka ni ileile yako, na mfupa ni uleule.

Sasa kuna kitu ambacho natamani kila mtu angeelezwa kabla hajasaini fomu. Jino la kuzaliwa halijagandamana na mfupa moja kwa moja, limeshikiliwa na nyuzi nyingi ndogo ndogo zinazotoka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa, na ndani ya hizo nyuzi kuna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Ndo maana ukitafuna kijiwe kwenye chakula unaruka, jino linakupa taarifa saa ileile. Juu kidogo, kwenye fizi, kuna nyuzi nyingine zinazoingia kwenye mzizi kwa ubavu na kuushika. Implanti haina hivo vitu. Mfupa umeikamata moja kwa moja, hakuna zile nyuzi za katikati, hakuna mishipa yake ya damu wala ya fahamu, na nyuzi za fizi haziingii ndani ya chuma, zinapita pembeni na kukizunguka, kama kola ya shati ilivyozunguka shingo. Kwahiyo mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza, mlango wa kuingilia chini ni mwepesi zaidi, uchafu ukikaa pale ukawasha, uvimbe una njia fupi ya kwenda kwenye mfupa na damu ya kuja kupigana ni ndogo. Pili, hupati taarifa. Mfupa unaweza kupungua taratibu kwa miaka na wewe unakula vizuri, unacheka vizuri, husikii kitu.

Hapo ndo naposema shida inaanzia. Sisi tumelelewa kwamba kinachouma ndo kibovu, kisichouma kizima. Kwenye meno ya kuzaliwa hiyo akili inakufikisha mahali, japo umechelewa. Kwenye implanti haikufikishi popote, maana ikifika siku ya kuuma au kucheza yenyewe kwenye mfupa, mara nyingi hakuna tena cha kuokoa, inatolewa.

Madaktari wanaugawa ugonjwa wenyewe hatua mbili na mi naona hii ndo sehemu ya maana kuliko zote, kwahiyo nivumilie. Hatua ya kwanza ni fizi tu, imevimba kidogo, nyekundu, ukiigusa inatoka damu, lakini mfupa bado uko palepale. Hatua ya pili ni fizi pamoja na mfupa, yani mfupa unaozunguka chuma umeanza kuliwa na unaendelea kuliwa. Mwaka 2017 wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago wakakubaliana maana za hizi hatua, kabla ya hapo kila mtafiti alikuwa anahesabu kwa kipimo chake. Hatua ya kwanza inarudi nyuma. Ukisafisha, ukasafishwa, inapona, ingawa inajivuta kuliko fizi ya jino, kuna jaribio la 2012 ambapo watu walirudi kupiga mswaki vizuri kwa wiki 3 nzima na bado fizi za implanti hazikuwa zimerudi kikamilifu kama mwanzo. Hatua ya pili hairudi hivohivo. Mfupa ulioliwa haujazi wenyewe, mara nyingi inabidi fizi ifunguliwe, chuma kisafishwe, wakati mwingine kuongezwa mfupa, na hata hapo hakuna anayekuahidi kwamba haitarudi tena.

Na hao wa hatua ya kwanza si wachache. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2015 yalipiga wastani wakapata kama asilimia 43 ya watu wenye implanti wana hiyo hatua ya fizi, na asilimia 22 wana hatua ya mfupa. Tafiti zenyewe zinatofautiana sana, kila mmoja alipima kivyake, lakini hata ukipunguza kiasi gani bado ni watu wengi mno kwa kitu ambacho kinatangazwa kuwa cha kudumu.

Utafiti ulionishika mimi ni wa Brazili, ulitoka 2012. Walikuwa watu 80, na wote mwanzoni walikuwa tayari na hatua ya kwanza, fizi zinatoka damu, mfupa mzima. Wakaangaliwa tena baada ya miaka 5. Kati yao 39 walikuwa wanarudi kliniki mara kwa mara kusafishwa na kupimwa, 41 hawakuwa wanarudi. Kwenye kundi la wanaorudi, 7 walifika hatua ya mfupa. Kwenye kundi lisilorudi, 18. Kwa asilimia ni 18 dhidi ya karibu 44. Najua mtu makini atasema, anayerudi kliniki labda ndo huyohuyo anayepiga mswaki vizuri nyumbani, kwahiyo huwezi kuipa kliniki sifa zote, na ni sawa kabisa kusema hivo. Lakini angalia hiyo tofauti. Halafu angalia na wale 7, walirudi, walisafishwa, na bado walifika huko. Kwangu hao 7 ni muhimu kama wale 18, wanasema kwamba hii kazi haina dhamana, unapunguza hatari, huifuti.

Mama aliwekewa zake kliniki nyingine, kabla sijaanza kwenda naye mimi. Walimfanyia kazi nzuri, sina neno, implanti zimenyooka, meno bandia yanakaa. Lakini walipomaliza walimpa mkono, hongera mama, na hakuna aliyemwambia tarehe ya kurudi. Hakuna karatasi, hakuna simu. Miaka ikapita. Siku daktari mpya alipompima akapitisha kile kijiti chembamba chenye alama za milimita kuzunguka implanti, upande wa kushoto damu ikatoka palepale, na mama akasema lakini daktari, mbona mi siumwi? Daktari akamjibu kwa upole tu, mama, hii haina pa kuumia, ndo maana tunapima. Eksirei ikaonyesha mfupa bado uko vizuri. Hatua ya kwanza, basi. Tukatoka pale mama amekasirika kweli, si kwa daktari huyu, kwa wale wa kwanza, aliniambia njiani, "Mwanangu, mtu akikupa kitu cha kutunza si anakuambia kinatunzwaje?" Sikuwa na la kuongeza.

Kwahiyo kwenye hiyo miadi ya matunzo kinafanyika nini hasa, maana wengi wanadhani ni kung'arisha meno tu na wanaona ni hela ya bure. Kitu cha kwanza ni kupima. Daktari anapitisha kile kijiti kwa mkono mwepesi sana kuzunguka implanti, anaandika kina cha mfuko wa fizi, yani ile nafasi kati ya fizi na implanti, na kama kuna damu au usaha. Kina chenyewe kwa namba moja hakisemi sana, kinasema ukilinganisha na cha mwanzo. Mfuko wa milimita 4 uliokuwa 4 tangu siku ya kwanza si habari, mfuko wa milimita 5 uliokuwa 3 mwaka jana ni habari. Vilevile eksirei. Mwaka wa kwanza mfupa unajipanga upya kuzunguka implanti na kupungua kidogo ni kawaida, baada ya hapo unatakiwa utulie. Sasa kama hamna picha ya siku ile jino lilipofungwa juu, daktari wa miaka 6 baadaye atalinganisha na nini? Atakisia. Ndo maana naomba sana, kama uko kwenye huu mchakato sa hivi, hakikisha ile picha ya mwanzo na vipimo vya mwanzo vipo, na wewe mwenyewe una nakala yake kwenye simu.

Kupima kwanza niliogopa, nikiwaza hicho kijiti si kitaharibu mshiko wa fizi, na nimekuta watu wengine wana hofu hiyohiyo, hata kuna waliowahi kuambiwa na wahudumu kwamba implanti haipimwi. Inapimwa. Kwa nguvu ndogo fizi hupona yenyewe ndani ya siku chache, na bila kupima hakuna njia nyingine ya kujua kama inatoka damu ndani. Kama unaenda kila mara na hakuna anayepima, uliza kwa heshima tu, daktari, leo unaweza kunipimia kuzunguka implanti na kuniandikia?

Alafu inakuja kusafisha kwenyewe. Utando laini unatoka kirahisi, ugaga, yani utando uliokauka ukawa mgumu, una kazi yake, na hapa aina ya kifaa ni muhimu kwa sababu chuma cha kawaida cha kukwangulia meno ni kigumu, kinaweza kuikwaruza titaniamu na kuacha mikwaruzo ambayo utando unaipenda. Kwahiyo wanatumia vikwangulio vya titaniamu au vya plastiki ngumu, au mashine ya mtetemo yenye ncha maalum, au ile ya kupuliza unga laini sana kwa hewa na maji. Mimi hiyo ya unga naikubali, haiumizi na inafika sehemu ambazo kikwangulio hakifiki. Pia daktari anaangalia skrubu kama imelegea, anaangalia meno yanavyokutana ukiuma, na anakuonyesha wapi unapaacha nyumbani. Hilo la mwisho linafanywa haraka haraka wakati ndo lenye faida kubwa kuliko yote, miadi ni saa moja, nyumbani ni siku zote zilizobaki.

Mara ngapi? Kuna mapitio ya tafiti ya 2016 yaliyosema muda kati ya miadi na miadi usizidi miezi 5 au 6. Kwa mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi inaweza kuwa kila miezi 3, na ambaye fizi zake zimetulia kabisa, hatari ndogo, daktari anaweza kumsogezea. Mimi niko kwenye miezi 6, mama kila miezi 4 kwa sasa.

Na hapo kwa aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi naomba nikae kidogo. Huyo ndo mtu anayehitaji implanti kuliko wote na ndo mwenye hatari kuliko wote. Wapo wanaofikiri jino likitoka, ugonjwa umetoka nalo. Bakteria wapo kwenye meno yaliyobaki, na mwili uliokuwa unaupokea vibaya ule utando ni mwili uleule. Fizi zitulizwe kwanza, ndo implanti iwekwe, ukikuta kliniki inakuwekea chuma kipya katikati ya fizi zinazotoka damu ujue unauziwa haraka. Sigara nayo, ukiacha kwamba inaharibu fizi na kuchelewesha kupona, ina ubaya mwingine ambao haujulikani sana, inapunguza damu kutoka kwenye fizi hata kama zinaumwa, kwahiyo ile dalili moja uliyokuwa nayo inafichwa. Mwenye kisukari ambacho hakijatulia, sukari ishuke kwanza, mdomo wako na sukari yako ni mambo yanayoshikana.

Nyumbani sasa. Siamini katika kununua vifaa vingi, mtu ananunua sanduku zima, wiki ya pili kachoka anarudi kwenye mswaki peke yake. Mswaki laini, pembeni ya ufizi pale chuma kinapotokea, taratibu, usisugue kama unasugua sufuria. Kisha vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, hivi ndo mfalme wa kazi yote, ila hakikisha waya wa katikati umefunikwa plastiki usikwaruze chuma, na uchukue saizi inayojaza nafasi bila kulazimisha, mara nyingi utahitaji saizi mbili tofauti kwa sababu nafasi ya mbele ya implanti si sawa na ya nyuma. Kama jino lako la implanti lina tumbo nene linalofunika fizi, upande wa ndani wa ulimi ndo unaosahaulika, kuna mswaki wenye kishungi kimoja tu cha nywele, kidogo, unafika huko. Uzi wa meno ni mzuri ule mnene wenye sehemu ya sponji, ila kama mfupa na fizi vimeshuka na ile sehemu ya chuma yenye ukwaruzo imetokeza, uzi unaweza kuchanika, vipande vikabaki ndani na kuwa kiini cha uvimbe, hapo tumia kibrashi. Vijiti vya mbao mi siviungi mkono kabisa, vinavunjika. Mashine ya maji inasaidia kutoa mabaki ya chakula hasa kwenye meno mengi yaliyounganishwa, lakini utando unaonata hauondoki wote kwa maji, kwahiyo iwe nyongeza. Dawa ya kusukutua hivohivo, ile ya klorheksidini daktari anaweza kukupa kwa muda mfupi, ukiitumia miezi na miezi inabadilisha rangi ya meno na ladha, na yenyewe haisugui kitu.

Dawa ya meno yoyote ya kawaida yenye floraidi inatosha, maana una meno mengine pia ya kulinda. Zile poda za kung'arisha zenye chenga, zile za mkaa, ziache mbali na implanti.

Damu. Ukiona damu kwenye kibrashi, watu wengi wanaacha kusafisha pale wakidhani wanajiumiza, na ni kinyume, pale ndo panahitaji zaidi. Kama baada ya siku kadhaa za kusafisha vizuri bado inatoka, piga simu kliniki, usingoje tarehe. Usaha, ladha mbaya inayotoka sehemu moja, fizi iliyopanda au kushuka ghafla, vivyo hivyo. Na ukisikia jino linacheza, usikate tamaa papo hapo na pia usipuuze, mara nyingi ni skrubu ya jino la juu imelegea na chuma cha ndani kiko imara, inakazwa na unaendelea, ila ukilitafunia hivohivo likiwa limelegea skrubu inaweza kukatika ndani na hiyo ni kazi nyingine. Wanaosaga meno usiku waambie daktari atengeneze kinga ya kulalia, implanti haina ile taarifa ya kukuambia unaibana sana.

Kuna jambo moja ambalo halipo mikononi mwa mgonjwa na linaniudhi kweli. Jino lenyewe lilivyotengenezwa. Unaweza kuwa na nidhamu ya jeshi lakini kama kofia ya jino imebandikwa bapa juu ya fizi, au meno manne yameunganishwa bila nafasi hata ya kupitisha kibrashi, utasafisha nini? Wapo wanaopewa meno yanayopendeza sana kwenye picha, pinki ya bandia imefunika kila kitu, na chini yake hakuna chombo kinachopita. Pia simenti, kama jino limebandikwa kwa simenti na ikavuja chini ya fizi ikabaki, inafanya kazi kama ugaga, unakaa na uvimbe usioelewa unatoka wapi. Ndo maana kabla hujakubali kazi ya mwisho omba uonyeshwe kwenye kioo, hapa kibrashi changu kinapita wapi, na upitishe mwenyewe ukiwa kwenye kiti. Kama hakipiti, jino lirudi kwa fundi. Ni aibu ya dakika moja, na wewe ndo utaishi nalo.

Nimalizie na wazee maana ndo naowaona kila siku. Implanti nyingi wanawekewa watu wazima wakiwa na nguvu zao, macho yanaona, vidole vinatii. Miaka inaenda. Mama vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukakamaa, kile kibrashi chembamba hakishiki tena, tukakiingiza kwenye mpini mnene wa mpira na sasa anaweza. Usiku meno bandia yanatoka, yanasuguliwa kwa brashi na sabuni laini, yanalala kwenye maji safi, na vile vifungo viwili vya implanti vinavyotokeza kwenye fizi na kushika meno bandia vinasuguliwa pande zote, nyuma ndo panasahaulika. Siku akiwa amechoka nafanya mimi, amekaa kwenye kiti, mimi nyuma yake, kichwa chake kimeegemea kwangu, naona vizuri zaidi kuliko nikisimama mbele.

Nimeshaongea na daktari wake kuhusu siku ambayo hata hilo halitawezekana, kama akiumwa akalala kitandani au akaanza kusahau. Akaniambia vile vifungo vinaweza kubadilishwa vikawekwa vifupi na laini zaidi, au kufunguliwa kabisa implanti zikafunikwa na kifuniko cha chini, akaendelea na meno bandia ya kawaida, bila kufungua mfupa. Nilikuwa sijui kwamba hiyo njia ipo. Kwahiyo kama unamtunza mzazi au mgonjwa mwenye implanti, iulize hiyo mapema, na kwenye faili lake au kwenye simu yako weka jina la kampuni iliyotengeneza implanti, aina, saizi na mwaka ilipowekwa, kwa sababu bisibisi za skrubu zinatofautiana kampuni na kampuni, na daktari mgeni asiyejua ni ipi hata kukaza tu kunamshinda. Mwambie na muuguzi au dada anayemlisha kwamba mdomoni mwa huyu mzee kuna chuma kilichoingia kwenye mfupa, mwonyeshe kilipo, mpe kibrashi afanye mbele yako mara moja.